Mtambaa wa Mama na Maji ya Mchele

Nyumba ile ya Maskati tulikuwa wanne, na wa tano yumo tumboni. Mama yangu, Bi Khadija. Mama mkwe wake, Bi Shamsa, yaani bibi yangu mzaa baba, mwenye nyumba. Shangazi Zuwena, dada yake baba, alikuwa hajaolewa bado. Na mimi, miaka tisa. Tumboni yumo mdogo wangu Saidi. Baba yuko Kuwaiti kazini, kwa hivyo msimhisabu.

Majina yote nnayo. Kusoma sikusoma sana, lakini jina la mtu halinipotei. Yamenirudia juzi hapa Bawshar, Maskati hii hii, mjukuu wangu alipokuja na chungu cha plastiki cha dukani, ndani yake mti wa kutambaa, majani ya pembepembe. Akauweka karibu na televisheni. "Bibi, huu hauna kazi, maji kidogo tu." Nikamwambia ahsante mwanangu. Alipoondoka nikalia.

Mama alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na nguo aliyoivaa, mimi, na kipande cha mti kama huo, amekizongea kitambaa kimaji. Alikikata dirishani kwa mamake, na mamake alibaki. Sisi tukiuita mtambaa tu. Akaupanda kwenye kopo la samli, akauweka shubakani chumba cha mbele, jua lisiufikie. Kila Ijumaa akiyafuta majani moja moja, kama anamwosha mtoto uso. Akiligeuza kopo, mti usije ukaegemea upande wa mwanga. Akitia kidole kwenye udongo kwanza, ndipo amwage maji. Akatundika uzi kwa misumari, na mti ukaushika uzi ule mpaka juu ya mlango.

Maji matamu yakija kwa punda, na bibi akiulinda mtungi kama dhahabu. Alikaa Unguja kidogo ujanani, Kiswahili chake cha kuvunjika. "Hauzai, hata mbuzi hauli," akisema. "Nyie watu wa Unguja, mti mnaunywesha kama mgeni!"

"Ni mgeni, mama," mama akimjibu. "Kama mimi."

Basi mama akiupa maji aliyooshea mchele, kama walivyozowea kwao, ugomvi usizuke.

Saidi alipozaliwa, mama akawekwa chumba cha ndani siku arubaini. Akaniita. "Mwanangu, mtambaa nakuachia wewe. Maji ya mtungi usiguse, bibi yako asije akasema. Upe ya mchele."

Jikoni sasa akipika bibi, nyumba nzima inanukia ndimu kavu na vitunguu. Lakini bibi hakuwa akiosha mchele akamwaga. Akiuroweka kwa chumvi, tena ya kutosha, ndivyo walivyopika Maskati, kisha akiyachuja yale maji. Mimi nikiyakinga kwa bakuli, nikaupelekea mti. Sikukosa hata siku moja. Majani yalipoanza kuungua ncha nikadhani una kiu, nikauongezea.

Siku ya arubaini mama alitoka, ameoga, ananukia udi, Saidi kifuani. Akenda moja kwa moja shubakani. Mti wote umekauka, na juu ya udongo pamefanya weupe. Akaugusa, akalamba kidole.

"Chumvi." Akamgeukia bibi. "Mama, kwa mama angu nilibakiwa na huu tu. Umeutilia chumvi?"

"Wallahi sikuugusa."

"Nani basi? Zuwena? Huyu mtoto?"

Nilisimama mlangoni na bakuli langu, maji yake meupe yananichuruzikia vidoleni. Bibi akanitazama. Akalitazama bakuli. Akarudi jikoni.

Mama kule kunyamaza akakuona ni kukiri. Toka hapo wakawa hawasemezani, mimi ndo nikawa ulimi wao. "Mwambie bibi yako chakula tayari." "Mwambie mamako alale, mtoto ntamchukua mimi." Miaka mitano, nyumba moja.

Bibi alikufa mwaka wa sabini. Shangazi Zuwena alimshika mama mkono wakamwoshe maiti pamoja, mama akautoa mkono wake. "Aliniulia cha mama angu," akasema. Mimi ndiye niliyeshika chetezo cha udi, msichana wa miaka kumi na nne, nina ulimi na akili. Sikusema. Wala sikumwambia mama siku yake ya mwisho, na aliniuliza kama nna neno.

Nyumba ile haipo tena, wala dirisha la Unguja silijui liko kwa nani. Mti wa mjukuu wangu nnautilia maji ya chupa.

Kama yupo mtoto wa Shangazi Zuwena, au jirani yeyote aliyeingia kwetu siku ile ya arubaini, naomba mnisahihishe. Majina nna hakika nayo. Lakini pengine sikuwa na bakuli mkononi. Pengine bibi hakunitazama mimi, alitazama mlango tu. Nambieni: "Bi mkubwa, hapo umekosea."