Figo za Baba na Chai ya Jirani

Kwetu tulizaliwa wanene. Baba, fundi cherehani pale mtaa wa Asiatique, alikuwa na mwili mkubwa, shangazi pia, na mimi nikafuata. Wakati wa vita, watu walipokonda kwa njaa na hofu, unene wetu ulitutia mashakani, kana kwamba kuna upande unaotulisha kwa siri. Siku moja kwenye kizuizi askari alinipima kwa macho akaniuliza, "We unakulaka wapi?" Tulikula maharage kama wengine.

Miguu ya baba ilipoanza kuvimba tulidhani ni unene tu. Kisha uso nao ukavimba, mkojo ukatoka na povu. Nikampeleka hospitali, kule Kamenge, siku ambayo njia ilipitika. Daktari alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki.

"Mu famille, mu jamaa yenu, kuna mwengine alivimba hivi?" aliuliza.

Nikajibu mimi: "Shangazi. Alikufa mbele ya vita kuanza. Walisema jirani alimupa sumu ndani ya chai."

Daktari akatueleza polepole: figo za baba zilikuwa zimechoka siku nyingi. Kuna familia, alisema, ambamo watu hurithi wepesi wa kunenepa pamoja na udhaifu wa figo, na uzito nao huongeza mzigo, ingawa si kila mtoto hupata. Shangazi hakumpima, hivyo hakuweza kuapa. Lakini dalili zile zilifanana na figo kuliko sumu. Kisha akanigeukia. "Na wewe tutakupima."

Niliacha mkojo wangu kwenye kichupa. Kesho yake risasi zikalia upande ule, njia ikafungwa siku tisa. Sikutulia. Nilibonyeza miguu yangu jikoni, bafuni, hata kwenye foleni ya maji.

Baba naye hakutulia, ila kwa jambo lingine. Yule jirani tulikuwa tumemnyima salamu mpaka akahamia mtaa wa Cibitoke. "Unipeleke kwake," akaniambia. Tulikwenda kwa miguu, kwa njia nyingine, tukipumzika kila mara.

Mama yule alifungua mlango, akasimama hapo hapo.

"Dada, tulikuzulia," baba alisema. "Ilikuwa figo. Na mi ninazo hizo hizo. Unisamehe."

"Binti yangu hakuna mutu alimuoa, juu ya hiyo jina ya sumu mulitupa."

Baba aliinamisha kichwa. Mama yule alimtazama miguu kwa muda, akaingia ndani, akatoka na kiti. "Ikaa," alisema.

Njia ilipofunguliwa nilipewa jibu langu: safi, kwa sasa. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo niliyobeba nyumbani.

Baba alifariki kabla mvua hazijaisha. Kwenye matanga mama yule aliingia akiwa peke yake, na wanawake wa ukoo wetu hawakumpisha. Nikasogea, akakaa kwenye mkeka karibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi nimepimwa figo.