Foto za Mihogo Juu ya Kichuguu

Jambo hili nimelificha tangu mvua zianze, na kama si kwamba wanawake wa njia ya Mutshatsha wanalisimulia vibaya kuliko lilivyokuwa, ningekufa nalo. Basi afadhali mulisikie kwangu, mwenye aibu yangu.

Mimi sikusoma (darasa la tatu, na hilo nililikimbia), lakini nilianza na baiskeli moja ya kubebea makala, makaa ya kupikia, na leo nina nyumba yangu Dilala na shamba la mihogo ambalo watu husimama kulitazama, na kila msimu nakata miti ya mbegu, vipande vya muhogo vya kupanda, nawapa majirani bure. Mwaka huu nilimpa Mama Kapinga, mjane, shamba lake linapakana na langu na hana lingine. Halafu majani yangu yakaanza kujikunja na kutoka madoa ya manjano, na woga ukaniingia, maana kama ni ugonjwa, basi nimeupeleka kwa yule mama kwa mikono yangu.

Wengine walisema ni vumbi la malori ya mgodi ulio jirani. Mama agronomu, mtaalamu wa mazao ambaye yuko Likasi, akaniambia kwa telefoni: "Tata, tuma foto. Moja karibu kabisa, ugeuze jani nione chini yake, na moja ya shamba lote. Jua likuwe nyuma yako." Nikapiga jioni, kioo cha kamera kimejaa mafuta ya mawese, nikatuma. Akajibu: "Tata, hii ni moshi?" Binti yangu Clarisse akasema, "Papa, leta nikupigie." Nikamjibu, "Telefoni nilinunua mimi, mi njo nitaitumia!" Nikanuna wiki mbili nzima, na majani yanazidi kujikunja.

Wiki hizo mbili zilipokwisha nikaenda shambani peke yangu, bila miwani (miwani ni ya wazee), nikapanda kichuguu kikubwa kilicho mwisho wa shamba, kwa ajili ya ile foto ya shamba lote, nikavunja na tawi la muhogo nikapanda nalo. Jua lilikuwa kali, kwenye kioo cha telefoni sikuona kitu ila giza, nikabonyeza, nikageuza jani, nikabonyeza tena na tena, nikatuma zote. Kumbe nyuma ya kichuguu ndio uzio wa waya wa mgodi, nami nimesimama juu kama bendera, mkono umenyooka na telefoni.

Nilisikia mbwa kwanza.

"Tata! Shuka! Unapiga foto ya mine? Nani njo alikutuma?"

Walinzi wawili, mmoja na bunduki. Nikateleza kwa makalio mpaka chini, tawi mkononi. Nikasema, "Ni mihogo, batoto yangu, ni mihogo tu." Mwenye bunduki akanipokonya telefoni. "Kuna wazee walisema vile vile, na leo bako ndani." Wanawake waliokuwa wanarudi na vikapu vya sombe, majani ya muhogo, wakasimama njiani, Mama Kapinga kati yao, na mimi niliyezoea kuwasalimia kwa kidevu sasa nimekaa mavumbini mbele ya mbwa. Nilijua: wakikuta waya hata mmoja kwenye zile foto, nimekwisha.

Ndipo telefoni ikalia mkononi mwa yule mwenye bunduki. Akaipokea, akawasha spika ili wote wasikie.

"Tata, unisamehe," akasema mama agronomu, "nimeangalia zote. Hii si muhogo. Hii ni pua."

Mlinzi akaongeza sauti.

"Zote kumi na moja ni pua, tata. Kamera inakuangalia wewe. Ila kwa moja naona meno."

Mlinzi akazitazama foto, akanitazama mimi, akakalia udongo kwa kucheka, na wanawake wakaweka vikapu chini ili wacheke vizuri. "Espion, mpelelezi wa pua!" mmoja akapiga kelele. Nilicheka nao kwa woga, machozi yananitoka.

Yule mlinzi (Mungu amuweke) akafuta kioo kwa shati lake, akageuza kamera, akalaza jani juu ya karatasi nyeupe ya kitabu chake cha zamu, upande wa chini ukitazama juu, kivuli chake kando, akapiga moja tu, akatuma. Jibu halikukawia.

"Sasa naona. Unaona vile vinzi vidogo vyeupe? Ni ugonjwa, tata, vile njo vinauleta, si vumbi. Ng'oa yote yenye madoa leo. Na kila uliyempa miti, umwambie. Ungenitumia hii wiki mbili zilizopita, ungeng'oa michache."

Wote walikuwa bado wanacheka. Mama Kapinga peke yake hakucheka. Alivuka mpaka, akashika jani la kwanza la shamba lake, akaligeuza. Halafu la pili.

Sitashika tena kamera mbele ya mmea. Clarisse anapiga, mi nashika karatasi nyeupe na kunyamaza. Na nusu ya shamba langu iliyobaki anaivuna Mama Kapinga, maana lake aling'oa lote.