Tulimsingizia bibi tambuu, kumbe tumbaku ilikuwa mdomoni mwa mjukuu

Wakuu, assalaam aleikum.

Ninayoyaandika hapa yametokea nyumbani kwangu, Ibra, huku Oman, na mengine bado yanaendelea. Majina nimebadilisha, yaliyobaki ni kama yalivyokuwa. Atakayeona nimetia chumvi anipunguzie mwenyewe, nimezoea kupunguziwa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mchuuzi wa mbuzi. Nanunua soko la Sinaw kila Alhamisi, nauza huku Ibra. Chenji nahesabu mara mbili, hata ikitoka kwa ndugu yangu. Hasa ikitoka kwa ndugu yangu.

Nyumbani naishi na mama yangu, dada yangu Zuwena aliyefiwa na mume, na mwanawe Yahya, kijana wa miaka ishirini na moja.

Mama ni mzee wa Unguja. Alikuja Oman na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya: Kiswahili chake na tambuu yake. Kijaluba chake cha bati, ndani popoo, chokaa na tumbaku, kimekaa kando ya mto wake tangu kabla sijazaliwa. Nyumba za wenzetu zinanukia ubani. Yetu inanuka tumbaku.

Hiyo harufu iwekeni akilini.

Sasa Yahya. Alikuwa kipa wa timu ya mtaa. Huku kila mtaa una timu yake, na kijana asiye na timu ni kama hana ukoo.

Zuwena alikuwa na hofu moja tu: sigara. Yahya akirudi uwanjani, mama mtu anachukua dishdasha yake, kanzu ya huku, ananusa kola. Hakuna moshi. Hakuna shisha.

"Alhamdulillahi, mwanangu mtu wa mpira."

Na mimi nikaunga mkono. Kijana yuko uwanjani, hayumo kwenye yale magari yanayochoma matairi barabarani wikiendi. Nikaona tumepata mali safi kwa bei nzuri.

Hatukujua kwamba uwanjani ndiko soko lenyewe lilikokuwa.

Walioko huku wanavijua vile vipaketi vya tumbaku ya kubana chini ya mdomo. Vinauzwa kwa kificho, ukishika utadhani pipi. Wakubwa wa timu wanawapa wadogo kabla ya mechi, eti inatia nguvu, inaondoa woga. Yahya alipewa na kapteni wake akiwa bado mtoto wa shule. Haina moshi, haina kiberiti, haina cha kunusa kwenye kola.

"Kila mtu anaweka, khali," aliniambia baadaye. Khali ni mjomba, watoto wetu hawa Kiarabu kimewakaa zaidi. "Ukikataa wanakuita msichana."

Basi ilipopita Ramadhani ya mwaka jana, mama akatangaza ameacha tambuu. Meno yamekwisha, daktari kakataza, khalas. Tukampongeza, lakini hakuna aliyemsadiki.

Kwa nini? Kwa sababu harufu haikutoka. Tena ilizidi. Zuwena akawa anakuta madoa ya kahawia kwenye mito ya sebuleni, anamfuata mama.

"Mama, si ulisema umeacha?"

"Nimeacha tangu Ramadhani."

"Na haya madoa?"

"Miye sijui. Mwaniona mwongo na uzee huu?"

Mimi, hodari wa kupatanisha bei, nikaingia kati. "Haya mama, tukubaliane umeacha nusu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Yahya alicheka kuliko wote, kiganja kimeziba mdomo.

Mama hakucheka. Alisema, "Basi njooni mkitazame kijaluba." Hakuna aliyeinuka kukitazama.

Alhamisi moja kabla ya Idi ya kuchinja nikamchukua Yahya twende Sinaw anisaidie kupakia. Kuna mama mmoja wa Kibedui pale, kavaa barakoa yake usoni, ananiuzia mbuzi miaka mingi. Mkali wa bei, ulimi kama kisu. Ila kwake bei haianzi kabla ya kahawa.

Yahya akapiga funda moja la kahawa, akaruka kama kaumwa na nge. Akageuka upande, akatema kitu kwenye tishu. Nikaona damu.

Wakati huo nimeshika taya la mbuzi. Mimi mbuzi simnunui mpaka nimfungue mdomo nimtazame meno, nijue umri wake, nijue kama anakula. Kila mbuzi. Namtazama mara mbili.

Nikamwachia mbuzi. "Yahya, fungua mdomo."

"Khali, watu wanatazama."

"Fungua."

Yule mama akacheka. "Mtazame vizuri meno, usije ukauziwa mzee!"

Akafungua.

Ndani ya mdomo wa chini nyama ilikuwa nyeupe kama imechemshwa. Katikati kidonda, kingo zake ngumu. Ufizi umeshuka mpaka mizizi ya meno inaonekana.

Yule mama naye aliona. Kicheko kikakatika. Akaniambia taratibu, "Mchukue huyu mbuzi kwa bei yako."

Wakuu, sijawahi kupewa bei yangu bila vita maishani mwangu. Nikamrudishia mbuzi wake tukaondoka.

Njiani Yahya akanieleza habari ya vipaketi, nikamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilitaka kusema siku ile ya mito," akasema. "Mkacheka."

Hospitali ya Ibra wakatupeleka Maskati. Maskati wakakata kinyama wakapima. Saratani.

Msinicheke, lakini nilibishana na daktari. Alinionyesha kwenye picha sehemu watakayoondoa, nikamwambia, "Daktari, hapo huwezi kupunguza kidogo?" Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Nikipunguza mimi, ugonjwa utaongeza."

Wakaondoa sehemu ya mdomo wa chini, ufizi na meno ya mbele.

Kipa yule sauti yake ilikuwa ikifika barabara kuu anapopanga mabeki. Sasa jaribuni kutamka neno "mama" bila midomo kukutana. Yake haikutani. Zuwena anaitwa kwa kugongewa ukuta.

Timu nzima ilikuja hospitali, mashallah, na juisi na maua. Kapteni akanyanyua mikono akamwombea dua nzuri mpaka Zuwena akalia. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa namtazama mdomo wake wa chini, umevimba upande mmoja.

Nikamfuata mpaka kwenye lifti.

"Umemwona mwenzako alivyo?"

"Nimemwona, ammi. Mungu amponye."

"Na hicho ulichobana?"

Akaona haya kidogo. "Mimi naweka kidogo tu, ammi. Yahya alikuwa anazidisha."

Lifti ikaja, akaingia na wenzake.

Funzo? Wenye watoto, msinuse kola peke yake. Tazameni midomo, ulizeni nini kinagawiwa kabla ya mechi, na mtoto akiziba mdomo anapocheka msicheke naye. Na mzee akiwaambia jambo, inukeni mkatazame. Nasema hivyo, lakini sijui kama linasaidia. Tulilindana kwa pua miaka yote, na pua ndiyo iliyotudanganya. Na kijana anawasikiliza wenzake kabla ya mjomba muuza mbuzi.

Yahya amerudi nyumbani. Daktari amesema akirudia, safari ijayo ni taya. Yahya alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

Wiki iliyopita nimeingia sebuleni baada ya sala ya asubuhi. Harufu.

Nikasimama pale. Kisha nikaenda chumbani kwa mama, na njia nzima naomba, ya Rabbi, nimkute mama yangu anatafuna. Nimkute amenidanganya. Nitamnunulia popoo mwenyewe.

Alikuwa anavuta tasbihi. Alikisukuma tu kijaluba mbele yangu.

Nikakifungua. Chokaa imekauka imepasuka, popoo ina vumbi, pa tumbaku hapana kitu. Nikatazama mara ya pili.

Wakuu, aliyewahi kumtoa kijana kwenye kitu hiki aandike hapo chini alifanyaje. Nitakachoambiwa nitakifanya, na leo sina cha kubishana.