Kasa Aliyetukuta Tunasali

Wenzangu mliolea wajukuu hapa Maskati miaka ile ya tisini, mnakumbuka watoto walivyokuwa hawashikiki ndani? Kwetu Azaiba, ikishasaliwa Alasiri tu, wote utawakuta ufukweni: Said, Hilal, Asma na mdogo wake Asya, Thuraya, na Khamis wa jirani asiyekwisha makamasi. Wakirudi wana mchanga mpaka masikioni, nami nawamwagia maji uani kwa mpira kabla hawajakanyaga zulia langu. Mie skuli sikufika mbali, niliishia darasa la tatu, lakini majina siyapotezi. Hata mbuzi wa Idi ambao watoto waliwapa majina, nnawakumbuka wote.

Katika kundi lile kipenzi cha babu yao alikuwa Thuraya, binti wa mwanangu Khalfan, miaka sita, meno ya mbele hana. Mume wangu, Nassor, akimwita mke wake, nami nikimwita mke mwenzangu, na kila asubuhi tukigombania nani ampelekee mzee kahawa. Nassor alizaliwa Pemba, na hadithi zake zote zilikuwa za Pemba. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya supu ya kasa.

"Ukishamgeuza chali pale pwani, hana ujanja tena," atawaambia watoto, huku anajilamba midomo. "Supu yake kikombe kimoja tu, baridi yote ya mwilini yatoka."

Watoto wakicheka. Hatukuona kwamba Thuraya hacheki.

Basi Khalfan akatuambia Alkhamisi tutakwenda kutazama kasa, kule mashariki, mbele ya Sur. Serikali ilikuwa imeiwekea ulinzi pwani nzima, maana kasa walikuwa wanakwisha. Nikapika toka alfajiri: sambusa, mkate wa kumimina, biriani la kuku katika sanduku la barafu, kahawa na tende, na tikiti moja kubwa Khalfan alilibeba kama anabeba mtoto mchanga. Ukoo mzima tukajaa gari nne. Tulipoingia letu, Thuraya, ambaye siku zote hupigania mapaja ya babu yake, akapita mpaka kiti cha nyuma kabisa, akageukia dirishani.

"Mke wangu, njoo ukae hapa."

"Sitaki."

"Nimekukosea nini?"

Akabandika pua kiooni.

"Ndiyo umeniacha?"

"Nimekuacha."

Gari zima lilicheka. Nassor naye alicheka, lakini nimeishi naye miaka mingi, cheko lile halikuwa lake.

Tulifika Magharibi inaingia. Mlinzi wa pale, Bwana Hamed, Bedui mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akatupa masharti kwa Kiarabu: taa hatutaki, kugusa hatutaki, kelele hatutaki. Hilo la kelele akatutazama sisi wanawake wa Kizanzibari, akalirudia. Akasema tulale, atatuamsha Alfajiri, kuna kasa wanaochelewa kurudi baharini.

Tukakaa kula. Kufika kwenye tikiti, kisu hakuna. Nimekifunga kwa mkono wangu, hakuna. Nikapekua kapu mara tatu. Mwisho Khalfan akalipasua tikiti kwa jiwe na sote tukala kwa vidole kama nyani. Thuraya hakula. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Bibi, kisu nimekiacha nyumbani, ndani ya mashine ya kufulia. Babu hana cha kumchinjia kasa."

Wallahi sikujua nicheke au nilie. Mtoto alipolala nikamwambia Nassor. Aliacha hata kutafuna.

"Kwa hivo mie kwake ni mchinjaji," akasema.

"Zungumza naye kesho."

"Nitamwambia nini? Hadithi si nimehadithia mwenyewe."

Alfajiri Bwana Hamed akatuamsha. Akasema tusali kwanza, na kwa kuwa Nassor ndiye mkubwa, asalishe yeye. Tukatandika mikeka pale pale mchangani, wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto wadogo pembeni. Kibla kule ni upande wa bara, kwa hivyo bahari tuliipa mgongo. Anga imeanza kuwa nyeupe. Nassor, kwa vile ana mgeni nyuma yake, akaanza na sura ndefu.

Rakaa ya kwanza haijesha, nikasikia mchanga: shaa, kimya, shaa. Mungu anisamehe, niliinua macho. Kasa anateremka kutoka juu alikokwenda kutaga, mpana kama sinia la harusi, anakuja moja kwa moja kwa Nassor. Njia yake ya baharini ilikuwa ndiyo hiyo, na sisi tumemtandikia mikeka juu yake, ukoo mzima. Na mlinzi naye yumo kwenye safu, amefunga mikono anasali, atasema nini?

Rakaa ya pili Nassor alisoma sura fupi kuliko zote anazozijua. Tukasujudu. Kasa akafika kwenye msala wa Nassor, akapiga mchanga, ukamjaa mzee kofiani. Hakutikisika mpaka alipotoa salamu.

Thuraya alikuwa amesimama pembeni, mikono mdomoni, machozi yanamtoka. "Babu, usimgeuze."

Nassor aliuvuta msala wake taratibu, akarudi nyuma hatua mbili tatu, kisha akaifunga mikono yake mgongoni, na akageuka kidogo ili mtoto aione. Sisi wengine tukakusanya mikeka na kanga zetu, tukajitenga huku na huku, kama watu wanaompisha bibi harusi. Kasa akapita katikati yetu anahema kama mtu mzima anayepanda ngazi. Wanawake kumi wa Kizanzibari, kimya. Wimbi la kwanza likamlowesha, la pili likamchukua.

Thuraya akaja pole pole, akasimama ubavuni mwa babu yake. Mkono hakumshika.

"Unajua," Nassor akamwambia, "sijapata kumwona kasa akenda zake. Mie nilimwona chali, kisha sufuriani."

"Sasa ushamwona."

"Nshamwona."

"Na supu?"

"Supu nimeiacha. Talaka tatu."

Hapo ndipo alipoupenyeza mkono wake katika ile mikono iliyofungwa nyuma. Toka siku ile, wageni wakianza habari za supu ya kasa, Nassor husema ladha yake kaisahau. Uongo, lakini alikufa nao, Mungu amrehemu.

Leo Thuraya ana watoto wake, na mwezi uliopita aliwapeleka kule kule. Zama zetu njia ilipita milimani, saa sita kwenda na saa sita kurudi, na wakati wa kurudi Thuraya alilala kifuani kwa babu yake hata Sur hatujaifika. Hawa vijana wa leo, ukiwaambia saa sita watakuuliza kama mlikwenda na punda. Wao wana barabara mpya ya pwani. Wamekwenda na kurudi, kila mmoja na simu yake, picha chungu nzima, na hakuna aliyegombana na mtu. Vizuri, sikatai. Lakini kwa saa mbili na nusu za barabara hiyo mtoto hapati nafasi ya kumsusa babu yake akenda, wala ya kumlalia kifuani akirudi.