Mkojo wa Watu Arobaini na Mmoja

Gari lilipoacha lami na kuteremka bondeni, Daktari Seblewongel hakuitambua njia. Palipokuwa na mahindi sasa palijaa mabanda ya maua, na dereva ilimbidi aulize mara mbili. Miaka kumi na miwili nyuma alifika hapa akiwa mwanafunzi, akapima floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, katika maji ya kisima na katika mkojo wa watu arobaini na mmoja. Kazi ile ilimpa udaktari. Sasa aliwataka wale wale tena. Bila wao, uprofesa ungempita.

Nyumbani kwa Dinke, wanawake saba walikuwa wameketi kuizunguka kahawa. Hakuna aliyenyanyuka.

"Karibu, mwenye mkojo wetu," alisema Dinke. "Nasikia ulikufikisha Ulaya."

"Ulinifikisha, dada."

"Basi mkojo wangu umetembea kuliko mimi."

Wakacheka, kicheko kisichomsogezea mgeni kigoda. Alikunywa kikombe cha kwanza, akanywa na cha pili. Binti wa Dinke alikuwa kando ya mama yake, meno ya kahawia, miguu imepinda. Daktari akatazama ukuta.

"Kwamba kisima ni kibaya, ulijua lini?" Dinke aliuliza.

Angeweza kudanganya. "Mwaka ule ule. Kabla ya mvua."

"Sisi tuliambiwa na watu wa wilaya, mwaka wa nne baada yako."

"Nilisubiri jarida likubali makala yangu. Tulifundishwa kuwa matokeo yakisikika mapema, yanakataliwa."

"Huyu nilimzaa mwaka wa pili." Dinke hakupandisha sauti. "Uji wake nilipika kwa maji yale. Kijito cha maji mazuri kiko mwendo wa saa moja tu. Ningekwenda, Daktari. Hata na mimba ningekwenda."



Kikombe cha tatu ndicho cha baraka. Mgeni haondoki bila hicho. Dinke alikimimina mpaka kikajaa, akamwonyesha, kisha akakimwaga majivuni.

"Chupa zako rudi nazo," alisema mwanamke wa pembeni. "Leo hapa hakuna anayekojoa."

Daktari alitoka peke yake na sanduku lake la chupa. Gari liliponguruma nje, hakuna aliyegeuza shingo. Dinke alikwishaanza kuwamiminia wenzake kikombe cha tatu, akianza na mkubwa wao.