Kuku wa Nadhiri

Binti yangu alipoajiriwa katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, jambo la kwanza alilotaka ni kunipeleka kula. Si kunipikia, kunipeleka. Alinichukua Ijumaa alasiri mpaka kwenye mgahawa mpya wenye vioo kila upande, ambako orodha ya vyakula ina kurasa nyingi kuliko juzuu niliyoanzia kusoma. Akaniagizia kuku mzima wa kuchoma. Yeye akaagiza soda. "Kula, mama," akaniambia, "mimi nimeshiba." Nikamtazama alivyokaa, mikono mapajani, macho kwenye sahani yangu, nikaanza kucheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Hakukuwa na tatizo, ndugu yangu. Ni kwamba niliwahi kukaa kwenye meza kama ile, zamani sana, na safari ile pia kuku alikuwa mbele yangu mimi.

Nililelewa na bibi yangu, Chang'ombe. Wazazi wangu walikuwa Mpwapwa, baba akifanya kazi ya mifugo, na mimi niliachwa mjini ili nisome shule asubuhi na madrasa jioni. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na ua uliofagiliwa kila alfajiri, ingawa upepo wa Dodoma ulirudisha vumbi kabla hujaweka ufagio chini. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji bombani na kumenya karanga. Bibi alizikaanga kwa chumvi katika chungu kilichomeguka ukingo, tukazifunga kwenye karatasi za daftari langu la mwaka uliopita, na saa ya treni ikifika tukaenda stesheni kuwauzia abiria. Mpaka leo nikisikia karanga zikirukaruka chunguni, naona hesabu zangu nilizokosa zikisafiri kwenda Kigoma.

Njia yetu ilipita mbele ya hoteli. Sikuwahi kuingia ndani. Siku moja tu, nikiwa nimebeba beseni la karanga kichwani, nilichungulia dirishani nikamwona bwana mmoja mwenye koti amekaa na kuku mzima mbele yake, peke yake, bila mtu wa kumgawia. Kwetu kuku alichinjwa siku ya Idi na mimi nilipata shingo. Nilidhani nimeona utu uzima ulivyo.

Nilipotimiza miaka saba nikaugua surua. Nakumbuka kidogo tu: harufu ya majani ya mwarobaini, kitambaa cha baridi usoni, na sauti ya Bibi juu ya mswala. "Ewe Mola, mponye mjukuu wangu. Ukimponya, nitamlisha kitu atakachokitamani mwenyewe, chochote kile." Homa iliposhuka akaniuliza ninatamani nini. Nadhani alitarajia niseme uji wa ulezi, au chungwa. Nikasema, "Kuku wa hotelini. Mzima. Wa peke yangu."

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Kisha akakumbuka kwamba neno lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwake.

Kesho yake akaenda kwa maalim wetu wa madrasa, mzee mwembamba mwenye fimbo ambayo sikuwahi kuiona ikimgusa mtoto. Maalim akamwambia kwamba nadhiri hutimizwa kama ilivyotamkwa, na kwamba kwa mafundisho tuliyoyarithi, aliyeweka nadhiri hali chochote katika nadhiri yake.

"Hata kipapatio?" Bibi akauliza.

"Hata kipapatio, bimkubwa."

Jirani yetu, mama aliyependa kuzungumza nasi kupitia juu ya ukuta wa ua, hakuona ugumu wowote. "Shoga, mchinjie huyo jogoo anayetukosesha usingizi, yaishe! Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa, naam," Bibi akamjibu. "Lakini mimi nilisema chochote, na mtoto kasema hotelini."

Tatizo ni kwamba hotelini hapakuwa na kuku. Kama una umri wangu unaikumbuka miaka ile. Tulikula ugali wa unga wa njano, tukapanga mawe kwenye foleni ya sukari ili yatushikie nafasi, na kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi ili kitoshe nyumba mbili. Hoteli iliuza chai ya rangi na andazi moja gumu, na ubao wa vyakula ukutani ulibaki pale kama kumbukumbu ya marehemu. Kila tukipita kwenda stesheni, Bibi alisimama mlangoni na kuuliza, "Kuku yupo?" Mhudumu, kijana mrefu mwenye aproni nyeupe iliyokuwa nyeupe zamani, alijibu kwa adabu, "Hayupo, bibi." Baadaye akatuzoea. Akituona tu ng'ambo ya barabara alipaza sauti, "Shikamoo bibi! Bado!" Bibi naye alijibu, "Marahaba, baba! Inshallah!" na tukaendelea na safari yetu.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka minne. Mimi nilikua, nikaanza kuona haya. Nilimwambia Bibi kwamba nimesamehe, sitaki tena kuku. Akasema, "Sikukuahidi wewe tu, nilimwahidi Mungu, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita kwa utani, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Lakini kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua wakati wa baridi ya Juni, na jambo hili halikuwa utani kwake. "Naogopa nisije kufa neno langu likiwa njiani," alimwambia jirani. Nilimsikia alfajiri akiomba. Huenda hakuna mwanamke mwingine katika nchi hii aliyemlilia Mungu kwamba hoteli ipate kuku.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Unajua ilivyokuwa: mwezi huu dukani kuna viberiti na vumbi, mwezi ujao kuna dawa za meno za rangi tatu, sabuni za kunukia, na mashati ya mitumba yamening'inizwa mpaka barabarani. Hoteli ikapata mwenyewe mpya. Akaipaka rangi ya kijani, akaleta jokofu refu kama kabati, akaweka chupa ya tomato sosi juu ya kila meza. Nasi siku moja tulikuwa tunakwenda na karanga zetu kama kawaida, Bibi hata hajafungua mdomo, mhudumu akatoka mbio hadi katikati ya barabara huku aproni ikipepea.

"Yupo, bibi! Yupo! Kuku yupo!"

Bibi aliweka beseni chini palepale, akashukuru.

Bei yake, hata hivyo, ilikuwa ya watu wenye makoti. Bibi hakuwa na kitu cha kuuza ila kuku wake mwenyewe wa kienyeji, matetea watatu wanaotaga. Aliwauza wote. Jirani nusura aanguke kutoka kwenye kigoda alichopandia. "Shoga! Matetea watatu wazima, kwa kuku mmoja aliyelala kwenye barafu?"

"Watatu wangu hawajui hotelini ni wapi," Bibi akasema.

Tulikwenda baada ya swala ya Alasiri. Mimi nilivaa gauni la Idi na mtandio mweupe. Bibi alitoa sandukuni doti ya kanga ambayo alikuwa akiitunza, sijui kwa ajili gani, labda kwa siku ile. Mhudumu alitufutia meza ya dirishani, ile ile ya bwana mwenye koti. Bibi akamuuliza nani kachinja, akaridhika na jibu. Akaletwa kuku mzima, amekaangwa, ana rangi ya udongo wa Dodoma mvua ikiupiga, na chipsi zimemzunguka kama watu msibani. Mhudumu akaweka sahani mbili. Bibi akairudisha moja.

"Bibi huli?"

"Nakunywa maji, baba. Namtazama mwenye chakula."

Nikasoma bismillahi, nikaanza na paja. Siwezi kukueleza utamu wake, na wala sitajaribu. Nyama ilitoka mfupani yenyewe, ngozi ikalia kama jani kavu. Bibi aliugusa mfupa kwa ncha ya kidole akasema, "Huyu hajapata kutembea maisha yake yote," nikacheka mdomo ukiwa umejaa. Paja la pili likaenda. Kipapatio kikaenda. Chipsi zikaenda nusu. Na hapo tumbo langu, tumbo la mtoto wa miaka kumi na moja aliyelelewa kwa ugali na mlenda, likafunga mlango.

Kidari chote kilikuwa bado kimekaa pale.

"Kula, mama, kula," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimeshiba, Bibi. Tule wote."

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Niwafungie kwenye gazeti?" mhudumu akauliza.

"Mtoto alisema hotelini," Bibi akajibu, akaisogeza sahani karibu yangu. Miaka minne, matetea watatu, na sasa nadhiri imekwama kwenye tumbo langu. Nilisema mzima. Nilisema wa peke yangu. Nikang'ata tena, ikagoma kushuka, na machozi yakanitoka juu ya chipsi. Watu wa meza nyingine wakaacha kula. Nilijiona mimi ndiye nitakayemfanya Bibi wangu asimame siku ya hesabu na nusu kuku mkononi.

Maalim akaingia. Kila siku baada ya Alasiri alikunywa chai hapo, hata katika miaka ya chai bila sukari. Akatoa salamu, akavuta kiti, akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akamtazama kuku. Hakuhitaji kuelezwa.

"Wewe binti. Huyu kuku wa nani?"

"Wangu, maalim."

"Bibi yako alisema atakulisha. Kakulisha?"

"Kanilisha. Nimeshiba, alhamdulillahi."

"Mpaka kushiba?" Akamgeukia Bibi. "Bimkubwa, nadhiri yako ilikwisha mtoto aliposema alhamdulillahi. Ulichoahidi umekitoa, na sahani imeingia mkononi mwake. Kilichobaki si nadhiri tena. Ni mali ya mtu." Kisha akajishughulisha na kukoroga chai yake, na akaikoroga muda mrefu sana kwa chai ya kijiko kimoja.

Hakunifundisha la kufanya. Nilichambua kipande kikubwa cha kidari kwa mkono wa kulia, nikakinyanyua mbele ya mdomo wa Bibi.

"Bibi, huyu ni kuku wangu. Nakupa zawadi."

Bibi akamtazama maalim. Maalim alikuwa bado anakoroga. Basi Bibi akafumba macho, akasoma bismillahi, akala. Akatafuna taratibu, hoteli nzima ikimsubiri, mhudumu akiwa amesimama na gazeti lake mkononi. Akameza, akafikiri.

"Mh," akasema. "Chumvi haikukolea."

Hoteli ililipuka kwa kicheko. Tulimmaliza kuku yule wote wawili, na maalim akapata kipapatio kimoja nilichokuwa nimekisahau chini ya chipsi.

Bibi aliishi miaka mingine mingi kuliko kifua chake kilivyotutisha, na siku alipoondoka aliondoka mwepesi. Ile hoteli sasa ni duka la simu. Maalim naye ametangulia. Fimbo yake isiyopiga ninayo mimi, maana siku hizi ndimi ninayesomesha watoto katika chumba kile kile. Kuku wapo kila kona ya mji, mchana na usiku, na mtoto wa leo akitamani hutuma ujumbe akaletewa mlangoni. Namshukuru Mungu kwa hilo. Sitamani foleni za mawe zirudi. Ila nimekosa kitu kimoja. Nikipita barabara ile, masikio yangu bado yanasubiri kijana mwenye aproni apaze sauti, "Shikamoo bibi! Bado!" Sasa ningejua kumjibu, maana bibi ni mimi.

Nilipomaliza kumsimulia binti yangu, kuku alikuwa amepoa. Nikakata kidari, nikakinyanyua mbele ya mdomo wake, mtu mzima mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni. Akatazama huku na huku kwa aibu, kisha akafungua mdomo.

"Mh, mama," akasema. "Chumvi imezidi."