Asali Hai ya Wasila

Wasila alikuwa amesoma vitabu kumi na kimoja kuhusu nyuki kabla nyuki wa kwanza hajamuuma. Haikuwa kazi kubwa kwake. Alikuwa mtunza maktaba ya manispaa pale Blida, na mchana wa kiangazi viti vilikuwa vingi kuliko wasomaji. Alijua malkia hutaga mayai mangapi kwa siku, na nyuki huruka umbali gani kutafuta maji. Alipofungua mzinga kwa mara ya kwanza aligundua kwamba nyuki wenyewe hawakuwa wamesoma kitabu hata kimoja.

Mizinga yake ilikuwa minne, ndani ya kipande cha shamba la michungwa alichoachiwa na baba yake, Haji Tayeb, nje ya mji upande wa mlimani. Aliipaka rangi ya buluu kwa sababu kitabu cha tatu kilisema nyuki hupenda buluu. Nyuki hawakutoa maoni. Mwaka wa kwanza walimvimbisha mkono wa kulia mara nyingi hata akazoea kugonga mihuri ya maktaba kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa pili alivuna chupa sita, ndugu zake wakazila kwa adabu. Mwaka wa tatu michungwa ikachanua mpaka barabara nzima ikanukia, na masega yakajaa.

Mwaka huohuo binamu yake Nasira alijifungua mtoto wa kike. Wasila alipokwenda kumpa hongera, alisikia wanawake wakizungumzia tamina, ule unga wa chenga unaokaangwa kisha ukachanganywa na siagi na asali, unaoandaliwa wageni wa siku ya saba ya mtoto. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka mji mkuu. Asali ingetoka wapi? Wasila, ambaye kwa kawaida aliona haya hata kuomba apishwe njia, alisikia sauti ikisema, "Itatoka kwangu." Sauti ilikuwa yake.

Alimwita Ami Sliman, mzee wa shamba la jirani mwenye mizinga sitini, aje kumwangalizia. Mzee alitoa fremu moja ya masega, akaielekeza chini, akaitikisa mara moja. Matone yakamrukia kwenye viatu.

"Umeona? Haya bado ni maji ya maua," alisema. "Ngoja wayafunike kwa nta. Theluthi mbili za fremu, kwa uchache. Siku kumi hivi."

"Tamina ni Ijumaa, ami."

"Basi mtoto kawahi."

Wasila alimshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye lango, akarudi akavuna. Alijiambia kwamba wazee huongeza tahadhari katika kila jambo, na kwamba yeye ana vitabu.

Tamina ilifana. Mama mkwe wa Nasira alilamba kijiko mara mbili, akauliza asali ni ya nani, na chumba kizima kikamgeukia Wasila. Hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile bila ya kuwa ameangusha kitu. Ndani ya wiki moja chupa arobaini ziliisha. Kila chupa aliibandika lebo aliyoiandika kwa mkono, kwa hati nzuri: Asali ya maua ya michungwa, shamba la Haji Tayeb. Jina lake mwenyewe hakuliweka. Aliona hakuna atakayenunua kitu kwa sababu ya jina la mtunza maktaba, lakini la baba yake lilijulikana sokoni kwa miaka thelathini. Haji Tayeb alikuwa na mtindo wa kuyaweka machungwa mabovu juu ya kreti, ili mnunuzi ayaone kwanza. Alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na watu walikuwa bado wanalitaja kreti lile.

Joto la Juni likaja. Jumatatu moja adhuhuri, Wasila akiwa kazini, alisikia kitu kikishusha pumzi ndani ya droo yake ya kadi. Humo alikuwa ameweka chupa moja ya asali, ya kujipongeza. Aliifungua. Ilikuwa na povu juu, vipovu vidogo vikipanda taratibu kutoka chini, na harufu yake ilikuwa ya tunda lililosahauliwa kwenye mkoba.

Alikwenda kwenye rafu akachukua kitabu cha saba, akafungua sura ya uhifadhi. Kilieleza vizuri sana. Asali ikivunwa kabla nyuki hawajaifunika hubaki na maji mengi. Joto likizidi, hamira iliyomo ndani huamka, asali ikachacha, na sukari ikaanza kugeuka kileo. Sentensi hiyo ilikuwa imepigiwa mstari kwa penseli. Aliutambua mstari ule. Aliupiga yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma, na pembeni akaandika: muhimu.

Jioni hiyo, alipokuwa akipanda ngazi za nyumbani, Khalti Fettouma, yule mama mzee wa ghorofa ya chini, alimsimamisha. Chupa yake ilikuwa imerusha kifuniko kabatini.

"Wasila binti yangu, asali yako inapumua."

Wasila alifungua mdomo ili aseme ukweli. Ukweli ulikuwa tayari, sentensi nzima, pamoja na ukurasa wa kitabu. Kilichotoka ni hiki: "Ni asali hai, khalti."

Khalti Fettouma aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa siri. Jumanne neno lile lilifika kwenye hamamu, bafu la umma la wanawake. Jumatano wanawake wawili asiowajua waliingia maktaba, wakajifanya wanatazama vitabu vya mapishi, kisha wakauliza kwa sauti ya chini kama ile iliyo hai bado ipo. Mke wa mfamasia alituma mtu kuomba tatu. Wasila alikuwa ameharibu chakula cha watu arobaini, na sifa yake ilikuwa inapanda. Hakuna kitabu kilichomwandaa kwa hilo.

Kaka yake Riduani, muuza vipuri vya magari, alifurahi kuliko wote. Alimshauri aongeze bei na aandike hai kwenye lebo.

"Imeharibika, Riduani."

"Nani kalalamika?"

Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililomnyima raha. Kama mtu mmoja tu angemfokea, angekiri papo hapo, kwa uoga wake wa kawaida. Lakini watu walikuwa wanamshukuru, na yeye hakuwahi kujifunza namna ya kumkatiza mtu anayeshukuru.

Jumatano hiyohiyo Khalti Fettouma alimletea habari kwa furaha. Haji Bualem, aliyekuwa mwadhini wa msikiti wa mtaa wao kwa miaka arobaini, alikuwa analamba vijiko vitatu kila alfajiri kabla ya kwenda kuswali. Kifua kimefunguka. Na tangu wiki iliyopita amekuwa mchangamfu, anawasalimia hata watu aliowanunia tangu mwaka wa tetemeko.

Wasila hakula chakula cha jioni. Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, alikwenda kubisha mlango wa Haji. Njiani alipanga maneno kwa mpangilio wa utangulizi, kiini na hitimisho. Mzee alipofungua mlango, utangulizi na kiini vilimtoroka.

"Haji, asali ile ina kileo."

Haji Bualem alimkaribisha akae. Alivua miwani, akaivaa tena, akaitazama chupa iliyokuwa juu ya meza, kijiko kikiwa pembeni yake.

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Sijui. Imechacha. Niliivuna mapema."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu, mchana."

Alianza kuhesabu kwa vidole. "Jumatatu alfajiri ulikuwa hujajua. Jumanne, Jumatano, leo. Zile za nyuma, wewe hukujua na mimi sikujua, na Mungu ni mwenye kusamehe. Hizi tatu ni zako. Mimi sizibebi."

"Ni zangu, Haji."

"Wengine umewaambia?"

"Nimeanzia kwako."

"Kwa nini kwangu?"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi."

Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaigeuza chupa mpaka lebo ikamwelekea Wasila.

"Huyu aliyeandikwa hapa hawezi kuja kujieleza. Nenda ukajieleze wewe kwa niaba yake." Akamsukumia chupa. Wasila alipofika mlangoni, Haji akamwita tena. "Lakini kifua kilikuwa kimefunguka kweli, binti yangu. Nalo ulijue."

Alianza nyumba kwa nyumba jioni ileile, akiwa amebeba kreti na pesa za kurudisha. Nyumba ya kwanza alinong'ona hata wakadhani anaomba msaada. Kwa Khalti Fettouma alikuta wageni watatu wanakunywa kahawa, na mama huyo akakataa katakata kutoa chupa yake mpaka asimulie yote kuanzia kwenye matone juu ya viatu.

"Kwa hiyo nilipokuuliza pale ngazini, ulinidanganya."

"Nilikudanganya, khalti."

"Na mimi neno lenyewe nimelitembeza hamamu nzima." Akawaonyesha wageni kwa kidevu. "Haya, rudia ile ya penseli. Hawa hawakusikia vizuri."

Kufikia nyumba ya nane Wasila aliona kwamba habari ya penseli ikitangulia watu humaliza hasira mapema, kwa hiyo akaipeleka mwanzo. Hakupenda kujua kwamba ana kipaji hicho. Mke wa mfamasia alikuwa ameshamaliza chupa yake, na baada ya kusikia yote aliuliza kama ipo nyingine.

Ijumaa baada ya swala, Haji Bualem aliwatangazia waliokuwa msikitini, na wale ambao Wasila hakuwa amewafikia wakamletea chupa zao mpaka mlangoni. Kila mmoja alikuja na hesabu yake. Asubuhi mbili. Asubuhi nne. Fundi cherehani alisema sita, kwa kuwa alilamba na jioni. Wasila alizipokea zote akiwa ameinamisha kichwa.

Wa mwisho alikuwa Riduani, na boksi mkononi. Ndani mlikuwa na chupa nne, alizokuwa amezichukua jikoni kwa Wasila wiki ya mavuno bila kusema, akaziweka kwenye kaunta ya duka lake.

"Umelamba mara ngapi?" Wasila aliuliza.

"Sijalamba. Zilikuwa sita. Niliuza mbili."

"Kwa nani?"

"Mtu tu. Alikuwa anapita, kaja kutafuta breki." Alikuna shingo. "Wa Medea. Alisema anauza matairi."

Wasila alizitazama chupa nne, na jina la baba yake mara nne, kwa hati nzuri. Medea ilikuwa kule juu, nyuma ya milima, na yeye hutapika gari likikata kona.

"Medea kuna wauza matairi wangapi?" alisema Riduani. "Acha, Wasila. Hata hajui wewe ni nani."

"Hajui. Anamjua Haji Tayeb."

Alikwenda ndani akarudi na mfuko wa plastiki wa kutapikia, pesa za chupa mbili, na kitabu cha saba, iwapo mtu yule atataka kuuona mstari. Riduani alilalamika mpaka kwenye gari, akalalamika akitafuta funguo mifukoni. Kisha akawasha injini, akamfungulia dada yake dirisha.